Kodi Hutaja Saketi, Haihukumu Sensa

Sensa ya presha hugeuza presha ya hewa, ya mafuta au ya oili kuwa umeme unaosomeka na kompyuta ya injini. Gari la kisasa huwa na sensa kadhaa za aina hii: moja kwenye manifoldi ya kuingizia hewa, inayojulikana gereji kama sensa ya MAP, nyingine kwenye reli ya mafuta ya injini za dizeli za komoni reli na za petroli zinazopuliziwa mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, nyingine kwenye njia ya oili, na nyingine kwenye bomba la gesi ya kiyoyozi. Mojawapo ikileta habari isiyoeleweka, taa ya injini huwaka kwenye dashibodi, na mashine ya kusomea kodi huonyesha P0107, P0193 au ndugu zake.

Hapo ndipo pesa nyingi hupotelea. Kodi husomwa, sensa hununuliwa, hufungwa, na taa hurudi kuwaka siku ileile. Kosa limo katika namna kodi inavyoeleweka. P0107 haisemi kwamba sensa imekufa. Inasema umeme uliofika kwenye kompyuta kupitia waya ya ishara ni mdogo kuliko unavyoweza kuwa sensa ikiwa nzima na waya zake zikiwa nzima. Kati ya sensa na kompyuta kuna waya tatu, soketi mbili au zaidi, viungio vilivyofichwa ndani ya kifungu cha waya, na vifaa vingine vinavyochangia umeme huohuo. Kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kuzaa kodi ileile. Kuichunguza saketi ni kubaini ni kipi, na kazi hiyo hufanywa kwa mita, kabla spea yoyote haijanunuliwa.

Sensa na waya zake tatu

Ndani ya sensa nyingi za presha mna kiwambo chembamba cha silikoni au cha chuma. Juu yake zimepachikwa rezista nne zilizounganishwa kwa mpangilio wa daraja la Wheatstone. Presha inapokisukuma kiwambo, kiwambo hupinda kidogo mno, ukinzani wa rezista hubadilika, na tofauti ndogo ya volti hutokea kati ya pande mbili za daraja. Saketi ndogo iliyomo humohumo ndani ya sensa huikuza tofauti hiyo na kuitoa nje kama ishara, kwa kawaida kati ya volti 0.5 na volti 4.5.

Waya ya kwanza huleta volti 5 kutoka kwenye kompyuta. Umeme huu hautoki moja kwa moja kwenye betri. Kompyuta huupunguza na kuutuliza ili usiyumbe hata betri ikipanda hadi volti 14 au ikishuka wakati wa kupiga stata. Waya ya pili ni ethi ya sensa. Nayo kwa kawaida hairudi kwenye bodi ya gari bali kwenye kompyuta yenyewe, ili misukosuko ya umeme wa stata, feni na taa isiingie kwenye kipimo. Waya ya tatu ni ishara. Jambo la kushika ni kwamba ishara hii ni sehemu ya volti 5, si kiasi kinachosimama peke yake. Sensa inayotoa asilimia 30 ya umeme inaopewa itatoa volti 1.5 ikipewa 5, na volti 1.38 ikipewa 4.6, ingawa presha haijabadilika.

Matumizi ya presha ya manifoldi kukadiria mafuta si mapya. Mfumo wa Bosch D-Jetronic, uliotoka mwaka 1967 kwenye Volkswagen 1600, uliitegemea presha hiyo kuamua nozeli zifunguke kwa muda gani. Hesabu ya leo ni ileile kimsingi: kompyuta ikijua presha, joto la hewa na mzunguko wa injini, hujua uzito wa hewa iliyoingia kwenye silinda. Upande wa dizeli, komoni reli iliingia kwenye malori ya Hino mwaka 1995 kwa mfumo wa Denso, na kwenye gari dogo la Alfa Romeo 156 mwaka 1997 kwa mfumo wa Bosch. Tangu hapo sensa ya reli imekuwa kiungo ambacho mara nyingi injini haiwezi kuwaka bila habari zake.

Zipo sensa zisizofuata utaratibu wa volti. Magari mengi ya Ford ya miaka ya 1980 na 1990 yalikuwa na sensa ya MAP inayotuma mapigo ya umeme, na presha husomwa kwa kuhesabu mapigo kwa sekunde: karibu hezi 159 injini ikiwa imezimwa usawa wa bahari. Mita iliyowekwa kwenye volti huonyesha wastani tu kwenye sensa kama hiyo, na fundi asiyejua huidhania mbovu. Kwa sababu hiyo mchoro wa waya wa gari husika hutangulia kipimo chochote.

Kompyuta inavyojua kuna hitilafu

Sensa haikupewa nafasi yote kati ya 0 na 5. Nusu volti ya chini na nusu volti ya juu zimeachwa makusudi. Presha yoyote ya kawaida huangukia kati ya 0.5 na 4.5, kwa hiyo ishara ikishuka karibu na sifuri au kupanda karibu na 5, kompyuta hujua kwamba inachokiona si presha bali ni kasoro ya umeme. Mipaka kamili hutofautiana kati ya watengenezaji, lakini chini ya volti 0.2 na juu ya volti 4.8 ni viwango vya kawaida.

Kodi zenyewe zimepangwa kwa utaratibu. Marekani ililazimisha OBD-II, mfumo wa gari kujichunguza hitilafu, kwa magari ya mwaka 1996 na kuendelea, na Umoja wa Ulaya ukafuata kwa magari mapya ya petroli kuanzia 2001. Tangu wakati huo kodi zinazoanza na P0 zina maana moja kwa watengenezaji wote. Kwa sensa ya MAP, P0106 ni usomaji usiolingana na hali ya injini, P0107 ni ishara iliyo chini mno, P0108 ni iliyo juu mno, na P0109 ni inayokuja na kuondoka. Kwa sensa ya reli mpangilio ni huohuo: P0191, P0192, P0193 na P0194. Kwa oili ni P0521, P0522 na P0523. P0641 na P0651 hazitaji sensa yoyote. Zinahusu umeme wenyewe wa volti 5.

Chini na juu si maneno ya kupita. Kila upande una orodha yake ya washukiwa. Ishara huwa chini mno iwapo waya yake imegusa ethi, iwapo volti 5 hazifiki kwenye sensa, au iwapo sensa imepiga shoti ndani. Huwa juu mno iwapo waya ya ishara imegusana na waya yenye umeme, au iwapo ethi ya sensa imekatika. Hili la mwisho huwapita wengi: sensa isiyo na ethi haina pa kushushia umeme, hivyo ishara yake hupanda kuelekea 5.

Waya ya ishara ikikatika, au soketi ikichomoka, matokeo hutegemea muundo wa kompyuta. Baadhi ya kompyuta zina rezista ya ndani inayoivuta waya hiyo juu hadi volti 5. Nyingine zina rezista inayoivuta chini hadi sifuri. Kwa hiyo soketi iliyochomoka huleta P0108 kwenye gari moja na P0107 kwenye jingine. Fundi anayelifahamu gari husika huanza na nusu ya jibu mkononi.

Dalili na mipaka yake

Ishara ya MAP iliyo juu kupita kiasi huiambia kompyuta kwamba injini imebeba mzigo mkubwa. Mafuta huongezwa, moshi mweusi hutoka, plagi hujaa masizi. Ishara iliyo chini hufanya kinyume: mafuta hupungua, gari hukosa nguvu, husita likikanyagwa. Kwenye dizeli ya komoni reli, kompyuta isiyoiamini sensa ya reli hupunguza nguvu za injini au huizima kabisa, na mara nyingi gari halitawaka, kwa kuwa nozeli haziruhusiwi kufunguka mpaka presha ya kutosha isomeke.

Dalili hizi husaidia kidogo kuliko zinavyoonekana. Kompyuta ikishaandika kodi ya saketi, huacha kuitumia ishara na kuweka makadirio yake, kwa kutazama throto na mzunguko wa injini. Gari linaweza kutembea karibu vizuri huku sensa imechomolewa. Makadirio hayo mara nyingine huonekana hata kwenye mashine ya kusomea kodi: kilopaskali zinazoonyeshwa ni za kukisia, si za sensa. Kwa hiyo, penye uwezekano, husomwa volti za ishara badala ya kilopaskali.

Kusoma na kutazama kabla ya kupima

Hatua ya kwanza ni kuandika kodi zote, pamoja na rekodi inayohifadhiwa na kompyuta ya hali ilivyokuwa kodi ilipoingia: mwendo, joto la injini, mzunguko. Kufuta kodi mapema ni kufuta ushahidi. Kodi moja ya sensa moja huelekeza kwenye waya za sensa hiyo. Kodi za sensa tatu kwa wakati mmoja huelekeza kwenye kitu ambacho zote tatu hukitumia.

Hatua ya pili ni kulinganisha. Swichi ikiwa imewashwa bila kupiga stata, ndani ya manifoldi mna presha ileile iliyo nje, kwa hiyo sensa ya MAP lazima isome presha ya hewa ya mahali gari lilipo. Dar es Salaam au Mombasa ni karibu kilopaskali 101. Arusha, kwenye mita 1,400 hivi, ni karibu 86. Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi, ni karibu 83. Gari linaloonyesha 83 likiwa Mombasa lina tatizo. Likionyesha 83 Nairobi liko sawa. Injini ikiwaka bila kukanyagwa mafuta, presha ya manifoldi ya injini ya petroli nzima hushuka hadi kati ya 30 na 45, na mafuta yakikanyagwa ghafla huruka kuelekea presha ya nje. Kwa sensa ya reli, gari lililolala usiku kucha linapaswa kuonyesha karibu nusu volti, yaani presha sifuri.

Hatua ya tatu ni macho na mikono. Injini iliyooshwa kwa mashine ya maji ya nguvu huacha maji ndani ya soketi, na siku chache baadaye pini huota ukungu wa kijani. Panya hutafuna waya. Waya iliyotoka kwenye kishikizo chake huangukia bomba la moshi na kuyeyuka. Waya zilizokatwa na kuungwa upya wakati wa kufunga alamu, redio au mfumo wa gesi hustahili kutazamwa kwanza. Oili nayo hupita ndani ya sensa iliyopasuka, ikafuata waya hadi kwenye soketi.

Kupima waya tatu

Mita ya kidijitali yenye ukinzani wa ndani wa megaomu 10 ndiyo chombo kikuu, kwa kuwa hainyonyi umeme wa saketi inayopimwa. Balbu ya kupimia ya volti 12 haiguswi kwenye waya za kompyuta: huvuta mkondo mkubwa kuliko saketi ya volti 5 inavyokusudiwa kubeba. Soketi hupimwa kwa pini nyembamba inayopenyezwa kwa nyuma, kando ya waya. Kutoboa ganda la waya ni kuyaachia maji njia, na kuchokoa pini kwa mbele kwa ncha nene ya mita huilegeza na kuzaa hitilafu ya pili.

Soketi ikiwa imechomolewa kwenye sensa na swichi ikiwa imewashwa, ncha hasi ya mita huwekwa kwenye hasi ya betri na ncha chanya kwenye pini ya volti 5. Usomaji unapaswa kuwa kati ya 4.9 na 5.1. Volti 12 zikionekana hapo, waya imegusana na umeme wa betri, na hakuna sensa inayofungwa mpaka hilo liondolewe. Sifuri ikionekana, ama waya imekatika, ama chanzo cha volti 5 kimezama.

Kisha ncha hasi huhamishwa kutoka kwenye betri hadi kwenye pini ya ethi ya sensa. Usomaji haupaswi kubadilika. Kama ulikuwa 5 na sasa umepotea, ethi imekatika, na P0108 au P0193 imekwisha kupata maelezo yake. Mwisho hupimwa pini ya ishara, ambayo itakuwa karibu na 5 au karibu na sifuri kulingana na rezista iliyomo kwenye kompyuta.

Baada ya hapo hufuata kipimo chenye nguvu kuliko vyote: kuipindua kodi. Kodi ikiwa ya ishara ya chini, na volti 5 zikiwa zimethibitishwa kuwa 5 kweli, pini ya volti 5 na pini ya ishara huunganishwa kwa kipande cha waya chenye fyuzi ndogo. Mashine ya kusomea kodi inapaswa kuonyesha karibu volti 5 papo hapo, na P0107 kugeuka P0108. Kodi ikiwa ya juu, ishara huunganishwa na ethi ya sensa, na usomaji unapaswa kuanguka karibu na sifuri. Usomaji ukitii, waya ya ishara na kompyuta ni nzima. Volti 5 na ethi zikiwa nazo zimethibitika, anayebaki ni sensa. Usomaji usipotii, sensa mpya haitasaidia kitu.

Volti 5 za pamoja

Kompyuta haina chanzo tofauti cha volti 5 kwa kila sensa. Chanzo kimoja hulisha sensa kadhaa, kama bomba moja la maji linavyolisha nyumba za mtaa mzima: likipasuka kwa jirani, kila bomba hukauka.

Kwa mfano, gari la petroli limeandika P0107 pamoja na kodi ya throto na P0641. Kwenye soketi ya MAP, pini ya volti 5 inaonyesha volti 0.3. Kabla ya kuifungua kompyuta, mita huachwa palepale na vifaa vingine vilivyo kwenye mstari huo, kama mchoro unavyovionyesha, huchomolewa kimoja baada ya kingine. Sensa ya MAP imeshachomolewa, na volti hazikurudi. Kwa hiyo si yenyewe. Throto huchomolewa: bado 0.3. Sensa ya presha ya gesi ya kiyoyozi, iliyoko mbele karibu na rejeta, huchomolewa: mita huruka hadi 5.0. Sensa ya kiyoyozi, ambayo haikutajwa na kodi yoyote, ndiyo iliyopiga shoti na kuwazamisha wenzake.

Kama vifaa vyote vimechomolewa na volti bado zimezama, shoti imo kwenye waya zenyewe au ndani ya kompyuta. Soketi ya kompyuta hufunguliwa baada ya betri kukatwa, na ukinzani kati ya waya ya volti 5 na ethi hupimwa. Waya ikionyesha omu chache tu wakati ncha zote mbili ziko wazi, imegusa bodi mahali fulani.

Ukinzani unaojificha

Waya iliyokatika kabisa ni rahisi kuipata. Ngumu ni ile iliyobakiwa na nyuzi mbili tatu, au pini iliyooza kiasi. Mita yenye megaomu 10 haivuti mkondo wa maana, kwa hiyo huonyesha volti 5 kamili kupitia waya isiyoweza kuilisha sensa. Dawa ni kuipa saketi mzigo. Sensa ya kawaida hutumia karibu miliampea 10. Rezista ya omu 500 ikiwekwa kati ya pini ya volti 5 na pini ya ethi huvuta kiasi hichohicho. Njia ikiwa nzima, mita itabaki karibu na 5. Ikiwa na ukinzani wa omu 40, itashuka hadi karibu 4.6.

Athari ya upungufu huo hutegemea upande ulipo, na hesabu yake hufichua kitu ambacho kodi haikisemi. Ichukuliwe sensa inayotoa volti 0.5 kwenye kilopaskali 10 na volti 4.5 kwenye 110, yaani volti 0.04 kwa kila kilopaskali. Ikiwa nzima Dar es Salaam, hutoa volti 4.14 injini ikiwa imezimwa, na volti 1.5 injini ikiwaka bila kukanyagwa mafuta kwenye kilopaskali 35.

Sasa ethi ya sensa ipoteze volti 0.4. Injini ikiwa imezimwa, ishara inakuwa volti 4.21, ambazo kompyuta huzisoma kama kilopaskali 103. Tofauti ni ndogo na hakuna anayeshtuka. Injini ikiwaka, ishara inakuwa volti 1.78, na kompyuta husoma 42 badala ya 35. Hilo ni kosa la asilimia 20 kwenye mafuta. Gari linakunywa petroli, linanuka, na sensa imefaulu kipimo cha presha ya nje.

Upungufu uleule ukihamia kwenye waya ya volti 5, mambo hugeuka. Injini ikiwa imezimwa ishara hushuka hadi volti 3.81, na kompyuta husoma karibu 93 badala ya 101. Injini ikiwaka husoma 32 badala ya 35. Kwa hiyo usomaji ulioharibika zaidi injini ikiwa imezimwa huelekeza kwenye waya ya volti 5, na usomaji ulioharibika zaidi injini ikiwaka huelekeza kwenye ethi. Vipimo viwili kwenye mashine ya kusomea kodi vinaweza kumwambia fundi waya ya kuanza nayo kabla hajashika mita.

Uthibitisho hufanywa sensa ikiwa imeunganishwa na injini inawaka. Ncha moja ya mita huwekwa kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye ethi ya sensa kwa nyuma ya soketi. Zaidi ya volti 0.1 hapo ni dalili kwamba ethi inakwama. Kama sensa kadhaa zinachangia ethi hiyo, kosa huonekana kwenye zote, na mahali pa kutafuta ni kiungio cha pamoja, au ethi ya kompyuta yenyewe kwenye bodi.

Hitilafu ya kuja na kuondoka

Kodi inayoandikwa barabarani na kutoweka gereji hutafutwa kwa kuirudisha hali iliyoizaa. Ishara huangaliwa huku kifungu cha waya kikitikiswa hatua kwa hatua, kutoka kwenye sensa kuelekea kompyuta. Usomaji ukiruka mkono unapopita, mahali pamepatikana. Hitilafu ya joto huitwa kwa hewa ya moto ya mashine ya kukaushia nywele, na ya unyevu kwa kunyunyizia maji kidogo. Mita yenye uwezo wa kuhifadhi kiwango cha juu na cha chini husaidia, lakini mruko wa sehemu ndogo sana ya sekunde huonekana vizuri kwenye osiloskopu pekee, ambako ishara nzima huwa mstari laini na mbovu hutoa mikato.

Pini iliyolegea haionekani kwa macho. Hujulikana kwa kuipenyezea pini ya kiume ya saizi yake na kuhisi kama inashika au inateleza.

Saketi nzima, presha mbovu

P0106 na P0191 haziko kwenye kundi la waya zilizokatika. Umeme umo ndani ya mipaka, ila hadithi yake hailingani na injini. Hapa uchunguzi hugeukia presha yenyewe. Mpira unaounganisha manifoldi na sensa ukipasuka, sensa husoma hewa ya nje na mafuta huzidi. Kwenye dizeli, tundu la sensa ya manifoldi huzibwa na masizi yaliyochanganyika na oili, na usomaji huchelewa kufuata injini. Sensa ya MAP ikifunguliwa na kuunganishwa na pampu ya mkono ya kunyonya hewa, ile ya mfano wa juu ikinyonywa kilopaskali 50 Dar es Salaam inapaswa kutoa karibu volti 2.14 na kuzishikilia bila kuyumba.

Kwenye komoni reli, tofauti kati ya P0192 na P0087 ina thamani ya pesa nyingi. P0192 ni ishara ya umeme iliyo chini mno. P0087 ni presha ya mafuta iliyo chini mno, ikiripotiwa na sensa ambayo kompyuta bado inaiamini. Washukiwa wake ni filta iliyoziba, pampu iliyochoka au nozeli zinazovujisha. Kubadilisha sensa kwa sababu ya P0087 ni kumlaumu mleta habari. Baadhi ya watengenezaji hawaruhusu sensa ya reli kufunguliwa peke yake. Huuza reli nzima, na gharama ya kukosea hupanda ipasavyo. Bomba la presha ya juu halilegezwi wakati injini inawaka au punde baada ya kuzimwa: kwenye megapaskali 100 na zaidi, mchirizi wa mafuta hupenya ngozi na kuhitaji hospitali mara moja.

Kwa oili tahadhari ni nyingine. Usomaji wa chini hauhesabiwi kuwa kasoro ya umeme mpaka geji ya mshale ifungwe kwenye tundu la sensa na presha halisi ionekane. Injini iliyoendeshwa kwa imani kwamba ni sensa tu inaweza kusaga beringi zake zote.

Kutengeneza na kuthibitisha

Kompyuta hushukiwa mwisho, baada ya umeme wake wa betri na ethi zake kupimwa chini ya mzigo na waya zote tatu kuthibitishwa kutoka ncha hadi ncha. Waya iliyooza hukatwa mpaka shaba inayong'aa ionekane, huungwa kwa risasi au kwa kibano maalumu, na hufunikwa kwa mpira unaojibana kwa joto. Waya zilizosokotwa na kuzungushiwa tepu hufungulia maji mlango. Soketi iliyovunjika kishikizo hubadilishwa, na oringi ya sensa huwekwa mpya.

Kodi hufutwa baada ya matengenezo, si kabla. Kisha vipimo vya mwanzo hurudiwa: presha ya nje injini ikiwa imezimwa, presha injini ikiwaka, mruko wa ghafla mafuta yakikanyagwa. Gari huendeshwa katika hali iliyotajwa na rekodi ya kodi, kwa kuwa baadhi ya ukaguzi wa kompyuta hukamilika baada ya safari mbili. Kodi isiporudi, na volti zikikubaliana na presha ya mahali gari lilipo, saketi imepona.